Earphone za Baba Mary

Gidabuday hakuuliza habari za kesi. Aliuliza ng'ombe.

"Ng'ombe zangu zimekunywa maji?"

Sajenti Konsolata alikuwa amesimama upande wa nje wa nondo za mahabusu, mkononi kikombe cha chai iliyokwisha poa. Alikuwa mpelelezi wa kituo kile cha polisi tangu ahamishwe kutoka kwao Mbulu, na asubuhi hiyo hakuwa amelala vizuri.

"Shemeji yako anazichunga," alisema.

"Shemeji yangu mlevi."

"Leo hajalewa. Nimemwona. Sasa nieleze tena. Siku ile uligombana na Mwalimu Meshack."

"Yeye aligombeza mimi. Ng'ombe ziliingia shamba yake. Nikasema nitalipa mahindi. Akasema sawa. Tukashikana mkono."

"Hakuna aliyeona mkishikana mkono."

"Watu wanaona ugomvi tu, afande." Kijana aliegemeza paji la uso kwenye nondo. "Kushikana mkono nani atasimama kuangalia?"

Mwalimu Meshack alikutwa amekufa Ijumaa alasiri nyuma ya mashine ya kusaga ya Masakta, kichwa kimepasuliwa na kitu kizito butu. Asubuhi yake alikuwa amegombana na Gidabuday mbele ya watu. Mchana Gidabuday alionekana akipitisha ng'ombe karibu na mashine ile, fimbo begani, akirudi kwao Hirbadaw. Hayo mawili yalitosha kumweka ndani.

Mkuu wa upelelezi alimwita ofisini kabla chai haijaisha.

"Saa nane gari linaondoka na huyu kijana kwenda Babati," alisema bila kuinua macho. "Akishasomewa shtaka la mauaji, dhamana hakuna. Unajua watu wanavyokaa mahabusu wakisubiri kesi."

"Najua, afande."

"Basi kama una mtu mwingine, niletee kabla ya saa nane. Na uniletee mtu. Jina tu halitanisaidia. Huyu msaga unga umemmaliza?"

"Bado."

"Alikuwa hatua chache tu kutoka pale mwalimu alipopigwa, halafu anasema hakusikia kitu. Mimi siamini."

Konsolata naye hakuamini, lakini kutoamini hakuandikwi kwenye faili. Cyprian Margwe, msaga unga, alikuwa ameandikisha maelezo mafupi: mashine ilikuwa inanguruma, na yeye alikuwa amevaa earphone za kuzuia kelele. Alizileta mwenyewe kituoni, nyeusi, ndani ya kikasha chake kidogo cha kuchajia. Hakuna aliyemwomba azilete. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Konsolata.

Alizitia kwenye mfuko wa koti, akamwambia Koplo Benedict awashe gari.

*

Duka la simu la Frida lilikuwa karibu na stendi ya Katesh, jembamba kama korido, na kioo cha mbele kimejaa makava ya simu.

"Afande, leo umekuja kununua au kukamata?"

"Kuuliza."

"Kuuliza ndiko kukamata kwenyewe." Frida alivuta stuli. "Kaa, dada. Unaonekana umechoka."

Konsolata aliweka kikasha cheusi juu ya kioo. Frida alikifungua kwa kidole gumba, akacheka.

"Hizi za mnadani. Bei ya kuku, na kuku mwenyewe awe anakohoa."

"Zinazuia kelele?"

"Kwenye boksi wameandika zinazuia. Lakini hiyo ni ya simu, dada. Ukipiga simu, maiki inapunguza upepo ili yule wa upande wa pili akusikie vizuri. Sikio lako wewe halipati faida yoyote. Linazibwa tu, kama ungeweka pamba."

"Na za bei kubwa?"

Frida aligeuka, akatoa kwenye kabati la nyuma kikasha cheupe, akakishika kama yai.

"Hizi bei ya ndama. Zenyewe zina maiki za nje zinazosikiliza kelele ya huko uliko, halafu zinatoa sauti ya kuipinga ile kelele, zinakutana njiani, zinauana. Jirani hapo akiwasha jenereta, mimi navaa hizi. Kimya! Kama kanisani siku ya Jumanne. Ukivaa hizi hata radi ipige Mlima Hanang husikii."

"Radi umejaribu?"

"Radi sijajaribu, dada. Hayo maneno ya biashara."

Konsolata alitabasamu kidogo. "Ziwashe hizi nyeusi, nizisikie."

Frida alizitoa kwenye kikasha, akazirudisha, akabonyeza. Taa haikuwaka. Alizigeuzageuza chini ya balbu, akasogeza uso, kisha akakwangua kwa ukucha. Kipande cha nailoni, chembamba na kisichoonekana kwa urahisi, kilimbaki kidoleni.

"Hiki kinawekwa kiwandani juu ya hivi vyuma vya kuchajia," alisema. "Usipokibandua, haichaji. Na cha upande huu mwingine nacho kipo. Dada, hizi hazijawahi kuwaka hata siku moja. Angalia, hata nta ya sikio hakuna."

"Wala unga," Konsolata alisema.

"Unga?"

"Hakuna kitu. Nichajie."

Walisubiri. Frida aliuza vocha kwa watu wawili, akamkaripia mmoja aliyetaka kubandikiwa kioo bila kuifuta simu yake kwanza. Taa ndogo ilipokuwa ya kijani, Konsolata alichukua kikasha akatoka.

Ndani ya gari Benedict alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa Kigoma, bado mgeni wa baridi ya huku, na alivaa sweta chini ya sare.

"Basi anadanganya," alisema. "Hakuvaa chochote. Alinunua hizi baada ya tukio, akatuletea."

"Au alivaa nyingine."

"Kama ana nyingine nzuri, si angeleta hizo? Zile za bei ya ndama ndizo zingemtetea. Mtu anaficha kinachomwokoa, analeta kinachomfunga?"

"Ndiyo maana kichwa kinaniuma. Twende."

Walipita Jorodom. Mawe yaliyoshuka na maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang bado yapo, makubwa kuliko nyumba zilizokuwapo, na juu ya moja mtu alikuwa ameanika shuka za mtoto. Benedict aliyatazama. Konsolata alitazama barabara.

*

Mashine ya Masakta ilikuwa banda la mbao na mabati, kila kitu cheupe kwa unga, hata utando wa buibui. Cyprian alikuwa akipima debe la mwanamke mmoja. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, nyusi nyeupe, na haikujulikana ni mvi au unga.

Konsolata alikuwa amemwacha Benedict aende kwanza shuleni kuuliza habari za mwalimu.

"Shikamoo, Baba Mary."

"Marahaba. Umerudi."

"Nimerudi. Kazi inaendelea?"

"Inaendelea. Watu wanakula hata kwenye msiba."

Wasichana wawili waliingia na viroba vya mahindi. Walimwamkia mmoja mmoja. Cyprian aliitikia marahaba mara mbili huku akiendelea kusoma mizani, wala hakuwatazama nyusoni. Wakamwamkia Konsolata naye. Kisha wakaweka viroba kwenye foleni wakatoka kukaa kivulini.

Konsolata alitoa kikasha cheusi.

"Hizi ndizo ulizokuwa umevaa?"

"Ndizo."

"Kila siku unazivaa?"

"Kila siku. Mashine inaua masikio."

"Ulizinunua wapi?"

Cyprian alifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono haikupata usafi wowote. "Zawadi. Binti yangu Mary. Ni muuguzi, yuko Arusha."

"Nipe namba yake."

"Ya nini? Mary hajui lolote."

"Nitamsalimia tu, Baba Mary."

Alisita kidogo tu, lakini alisita. Kisha akataja namba kwa kichwa, polepole, na Konsolata akatoka nje kupiga.

"Baba ana nini?" ilikuwa salamu ya Mary, aliposikia tu neno polisi.

"Hana neno. Mzima kabisa. Mimi ni Sajenti Konsolata, niko hapa Masakta, nauliza kuhusu zile earphone ulizomtumia."

"Zile nyeupe? Zimeharibika? Maana dukani waliniambia wananipa nyingine zikiharibika."

"Nyeupe."

"Ndiyo, nyeupe. Baba alikuwa analalamika mlio masikioni, usiku hapati usingizi, anasema kama kuna nzige ndani. Nikamleta huku akapimwa, wakasema ni mashine hiyo. Nikasema simnunulii takataka za mnadani. Nikajinyima, nikamnunulia nzuri hasa."

"Alizipenda?"

Mary alicheka. "Siku ya kwanza alinipigia. Akasema, Mary, sasa mashine ikiwaka ndiyo nasikia kina mama wanavyonisengenya huko nje."

Konsolata alibadili simu sikio. "Hebu rudia."

Mary alirudia, kicheko kikipungua. "Dada, kuna tatizo?"

"Nitakupigia," Konsolata alisema, akakata. Alibaki amesimama kidogo mbele ya banda. Wasichana wawili walikuwa wakimwangalia.

Alirudi ndani akanyoosha mkono. "Nyeupe, Baba Mary."

Cyprian hakubisha. Aliingiza mkono nyuma ya dumu la dizeli, akatoa kikasha kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa cheupe wakati mmoja. Sasa unga ulikuwa umeingia kwenye kila mshono, na kwenye wavu mdogo wa kila earphone ulikuwa umeganda kama saruji.

"Niliogopa mtazichukua," alisema. "Zawadi ya mtoto."

"Washa mashine."

*

Benedict alikuwa amerudi kutoka shuleni. Konsolata alimzuia nje kabla hajaingia.

"Nenda kule nyuma, pale mwalimu alipoangukia. Simama karibu na ukuta wa mbao, uongee. Sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na mwenzake."

"Niongee nini?"

"Chochote. Ila usiache kuongea."

Injini ilishika, ikakohoa, ikanguruma. Mbao zote zilianza kutetemeka. Konsolata alivaa kwanza zile nyeusi. Kelele ilipungua kidogo, kama mtu aliyefunga mlango wa chumba lakini akaacha dirisha. Alikwenda mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akaegemea. Injini tu. Kupitia mwanya wa mbao alimwona Benedict, mdomo ukienda, mikono ikienda, na hakupata hata neno moja. Alizitoa kabisa masikioni, akasikiliza tena. Hali ikawa mbaya zaidi.

Kwa hiyo kwa earphone za bei ya kuku Cyprian angekuwa msema kweli. Na bila earphone angekuwa msema kweli. Katika banda hili hakuna mtu ambaye angesikia kitu.

Alifuta zile nyeupe kwa leso, akazivaa.

Ngurumo ilizama. Haikuisha, ilikwenda chini, ikabaki mtetemo kwenye nyayo za viatu. Mahindi yalisikika yakigongana ndani ya mashine, punje kwa punje. Halafu, nyembamba kama redio iliyo mbali na mnara, lakini kila neno mahali pake, ikaja sauti ya mtu wa Kigoma:

"...tangu asubuhi chai tupu. Yeye hali, na mimi ananifundisha kutokula. Kwetu mtu aliyechoka hivi hupelekwa kwa mama yake akalishwe samaki..."

Konsolata alifumba macho. Mashine ina mlio mmoja, hauishi wala haubadiliki, na mlio wa namna hiyo ndio hizi zinaujua na kuuua. Sauti ya mtu inapanda, inashuka, inakatika, haziwezi kuifuata. Inapunguzwa kidogo na sikio kuzibwa, basi. Frida alikuwa amesema kweli kuhusu jenereta. Radi alikuwa hajaijaribu.

Alimwonyesha Cyprian kwa mkono azime.

"Nimesikia," alisema injini ilipokufa. "Kila neno. Mpaka samaki."

"Wewe masikio yako ya mtoto." Cyprian alisema hivyo bila hasira. "Mimi nimesaga hapa tangu hujaanza shule. Mary amekwambia nilipimwa. Yangu yameliwa, mama. Hata nikivaa hizo, napata kimya tu."

"Ulimwambia Mary unasikia kina mama wakikusengenya."

"Nilimfurahisha mtoto. Wewe ungemwambia nini?"

Lilikuwa jibu zuri, na linaweza kusimama mahakamani. Konsolata alitazama saa ya simu. Saa sita ilikuwa imekwisha pita.

"Basi tujaribu na wewe. Kaa kwenye kiroba, uso ukutani. Vaa."

Cyprian alivaa, akakaa, akaweka mikono magotini. Konsolata aliwasha mashine mwenyewe, mara ya pili ndipo iliposhika. Akasimama nyuma yake.

"Baba Mary!"

Hakutikisika.

"Baba Mary, mkanda umekatika!"

Mgongo ulikaa vile vile. Alipiga makofi. Alisema Mary amepata ajali, akajichukia papo hapo kwa kulisema. Mabega ya mzee yalipanda kidogo yakashuka, kama mtu anayepumua. Kama mtu anayejizuia, au kama mtu anayepumua; nani ataapa? Taya zake zilikuwa zimekazwa. Alikuwa amekaa akisubiri kuitwa, amejikaza asiitikie jina lolote ambalo angeitwa.

Konsolata alimtumia Benedict ujumbe. *Ingia kwa mlango wa nyuma. Hujamwamkia huyu mzee. Mwamkie kama unavyomwamkia baba yako. Usipaze sauti.*

Benedict aliingia akikung'uta majani kwenye suruali. Alipita nyuma ya kiroba, akainama kidogo kama walivyomlea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Cyprian.

Mashine iliendelea kunguruma. Mkono wa mzee uliinuka gotini, ukabaki hewani, kisha ukashuka. Hakugeuka. Alizitoa earphone, moja, halafu ya pili, akazishika kwenye kiganja.

"Kijana ana adabu," alisema alipogeuka, na Konsolata alisoma midomo zaidi kuliko alivyosikia. Akazima injini.

*

Walikaa watatu juu ya viroba vya watu. Konsolata alimsomea haki zake, Benedict akafungua karatasi. Mzee alitazama sakafuni.

"Ijumaa ilikuwa mnada Katesh," alianza. "Watu hawakuwapo. Nilikuwa nasaga ya kwangu."

"Ukiwa na hizi nyeupe."

"Nikiwa nazo. Nikasikia mwalimu huko nyuma. Anapita pale kila siku akitoka shuleni. Akasema, shikamoo, Baba Tekla."

"Baba Tekla ni nani?" Benedict aliuliza.

"Ni Yoakimu. Kaka yangu. Sisi ni tumbo moja." Cyprian alisugua kiganja juu ya goti. "Kaka hakuitikia. Nikajua kuna jambo. Sijawahi kumsikia kaka akiacha salamu ya mtu, hata ya mlevi."

Konsolata alimwacha aendelee.

"Tekla yuko kidato cha tatu. Kaka alikuwa amempatia mchumba, amemtoa shule. Mwalimu alikwenda kusema kwa mtendaji, harusi ikazuiwa. Siku ile mwalimu alimwambia kwa upole tu. Tekla amebakiza mwaka mmoja, Baba Tekla, mwache amalize. Kaka akasema, wewe umezaa wangapi? Mwalimu akasema, sijazaa. Kaka akasema, basi nyamaza. Mwalimu hakunyamaza."

"Akampiga na nini?"

"Sikuona. Nilisikia tu. Kaka alikuwa na mfuko wa spana. Alikuwa anakuja kwangu kukaza mkanda. Yeye ndiye fundi wangu, mashine hii haijui mkono mwingine."

"Baada ya hapo?"

Huko nje wale wasichana waliuliza kama umeme umekatika, mmoja akamwambia mwenzake mashine yenyewe ya dizeli, we mjinga.

"Baada ya hapo mwalimu aliniita," Cyprian alisema. "Hakupiga kelele. Aliniita kama mtu anayekuja kuomba maji. Baba Mary. Mara mbili."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimimina debe lingine."

Kalamu ya Benedict ilisimama. Konsolata alimwashiria aandike, akaandika.

"Nilisema moyoni, mashine inanguruma. Mtu akiwa kwenye mashine hasikii, kila mtu anajua hivyo. Nikasaga mpaka mahindi yakaisha. Nilipotoka alikuwa hasemi tena." Alifungua kiganja akazitazama zile earphone. "Nilipoona mmemkamata yule kijana wa ng'ombe nikafikiri, watamwachia tu, hana kosa. Nikanunua zile nyeusi. Hizi niliogopa mtu atazivaa."

"Leo saa nane anapelekwa Babati kwa mauaji. Hawatamwachia."

"Leo?"

"Leo."

Konsolata alipiga simu kituoni. Mkuu wa upelelezi alimsikiliza, akasema alichokisema asubuhi: aletewe mtu. Nyuma ya sauti yake injini ya gari ilikuwa tayari inawaka. Dereva alikuwa anaipasha moto. "Ukimkosa, akitoroka akaingia porini, nitawaambia nini wakubwa? Mshike kwanza."

"Kaka yako yuko wapi?" Konsolata alimuuliza Cyprian.

"Nyumbani. Au shambani. Akiliona gari lenu hamtamkuta." Alisimama kwa kujisukuma magotini. "Msiende kule. Shemeji yupo, na wajukuu. Nitamwita mimi."

"Atakuja?"

"Nikimwambia mashine imekufa, atakuja."

Benedict alimtazama Konsolata. Konsolata alitikisa kichwa kukubali, na Benedict akatoka kulisogeza gari nyuma ya stoo ya kijiji na kuwaambia wasichana warudi jioni.

Cyprian alipiga simu akiwa amesimama mlangoni, mgongo kwa Konsolata. "Kaka, shikamoo. Imezima. Ndiyo, ghafla. Sijui, labda ni ile ile ya juzi. Watu wana foleni." Alisikiliza. "Haya, kaka. Nakungoja."

Walingoja. Cyprian alichukua ufagio akafagia unga chini ya mashine, akaukusanya, akauacha hapo hapo.

Yoakimu alikuja kwa njia ya mashambani, akitembea haraka kuliko umri wake. Alikuwa mrefu kuliko mdogo wake, koti la mvua limefungwa kiunoni, na begani mfuko wa turubai uliokuwa ukilia chuma kwa kila hatua. Alianza kuongea kabla hajafika mlangoni.

"Nilikwambia ile nati usiikaze kwa koleo. Utazila nyuzi zake zote. Imefanyaje, imetoa moshi au..."

Aliingia kutoka kwenye mwanga, kwa hiyo hakuwaona askari kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini akaweka kiganja juu yake. Akakitoa. Ilikuwa bado ina joto. Aligusa mkanda, akauvuta, ukarudi mahali pake.

"Mashine nzima hii," alisema.

"Nzima, kaka," alisema Cyprian.

Ndipo Yoakimu alipogeuza kichwa, akamwona Konsolata kando ya mizani, na Benedict akifunga mlango wa nyuma. Hakukimbia. Alimtazama mdogo wake tu.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Ulisikia."

"Nilisikia yote."

Konsolata alisogea. "Mzee Yoakimu Margwe, uko chini ya ulinzi kwa kifo cha Mwalimu Meshack. Naomba huo mfuko."

Yoakimu aliushusha mwenyewe, akauweka chini taratibu ili vyuma visilie. Benedict aliufungua kwa kalamu. Spana kubwa ilikuwa imeoshwa. Nyingine zote zilikuwa na grisi, na hiyo peke yake ilikuwa inang'aa.

"Tekla yuko shule," Yoakimu alisema. Hakuwa anamwambia mtu mmoja. "Tangu siku ile sijamzuia tena. Kila asubuhi anakwenda. Msimwite. Mwacheni amalize vipindi vya leo."

"Hatutamwita."

"Atatoka saa tisa. Wewe nenda ukamngoje," alimwambia Cyprian. "Asisikie njiani."

Cyprian aliitikia kwa kichwa. Benedict alifunga pingu mbele, si nyuma, kwa sababu ya umri wa mtu.

Konsolata alitoka nje akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Afande, ninaye. Mikononi. Mshusheni Gidabuday."

Alimsikia mkuu wa upelelezi akimpigia kelele dereva, upande wa pili wa uwanja, na kisha injini ya gari ikazimwa.